Jembe la Ezekia na Bao la Dakika za Nyongeza

Tangu nirudi sijashona hata pindo moja kwa amani. Kila anayeleta kitambaa hapa kibarazani anakaa kwenye benchi, ananiacha nimpime kiuno, halafu anauliza kwa sauti ya chini: "Mama Neema, hivi ilikuwaje huko Nakonde?" Nikisema nusu, mnaondoka nayo hiyo nusu mpaka mashineni, mnamcheka Mwalimu Yotamu. Nimechoka. Nimeamua kuandika yote, msomeane wenyewe, na mwenye kitambaa aje kwa ajili ya kitambaa.

Mnalolijua ni hili. Ezekia ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi tangu hajang'oa meno ya utoto. Alikuwa anapeleka mchele Tunduma, huko akakutana na Bupe, binti wa Mzee Silavwe, fundi wa mashine ya kusaga pale Nakonde upande wa Zambia. Wakapendana miaka miwili. Mimi huyo binti nilimwona mara tatu tu, na mara ya tatu tayari nilikuwa namwita mwanangu.

Na desturi yetu mnaijua: mshenga anapeleka jembe jipya lisilo na mpini, limefungwa kwenye kitenge, analiweka mlangoni kwa wakwe. Likiingizwa ndani, wamekubali. Likiachwa pale mpaka wageni wanaaga, mnaliokota mnarudi nalo. Mzee Silavwe alikuwa na watu wengine wanaomtaka binti, watu wa Isoka, hukohuko Zambia, wenye ng'ombe. Lakini alimpenda Ezekia, akasema: leteni jembe lenu Jumamosi hii, nitawapokea ninyi kwanza. Msipokuja, sina la kuwaambia watu wa Isoka. Mama yake Bupe akampigia simu Mwalimu Yotamu kumpa saa: saa kumi na mbili jioni, mzee akishafunga mashine.

Mwalimu Yotamu ni shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu. Tulimchagua awe mshenga kwa sababu anasema Kinamwanga, lugha ya kule mpakani, kama mzaliwa na Kibemba cha kuombea maji. Hatukufikiria kwamba Jumamosi hiyohiyo Stars walikuwa wanacheza na Zambia. Yeye alifikiria.

Galula mpaka Mbalizi

Tulikubaliana tuondoke alfajiri. Alfajiri nikawa nimesimama barabarani na jembe kifuani, kitenge kipya kinalowa umande. Jua limeshatoka ndipo Mwalimu anatokea, kavaa koti lake la harusi, na chini ya koti, jamani, jezi ya bluu ya timu ya taifa!

"Shemeji, unakwenda posa na jezi?"

"Nitafunga vifungo."

"Koti lenyewe lina kifungo kimoja!"

"Basi nitafunga hicho."

Pikipiki ikatubeba wawili, jembe likiwa katikati yetu linanichoma mbavu kila shimo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kabla hatujafika mbali tukakuta korongo limejaa maji mekundu, na pikipiki sita zimepangwa ukingoni zinasubiri yapungue. Tukasubiri. Mwalimu akafungua redio yake ndogo, akakuta kipindi cha michezo, na mara moja akawa na darasa: vijana wote wa pikipiki wamemzunguka, anawachorea kwa kijiti kwenye tope jinsi mambo yalivyo.

Mambo yenyewe hata mimi nikayaelewa, maana nilikuwa sina pa kwenda. Ilikuwa ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani tu, huko Afrika Magharibi. Sisi, ambao kwenye mashindano makubwa huwa tunaishia kuwasindikiza wenzetu, safari hii tulikuwa tumefika. Mechi ya kwanza tukafungwa. Ya pili tukawapiga wenyeji nyumbani kwao. Ya tatu ni Zambia: tukishinda, nusu fainali. Tukitoka sare, begi mgongoni, nyumbani.

"Sare ni kifo," Mwalimu akasema, akakandamiza kijiti kwenye tope.

"Na kuchelewa kwa wakwe ni nini?" nikamuuliza.

"Mwenda pole hajikwai, Shemeji."

Nilitamani kumtumbukiza korongoni. Tulikaa pale mpaka jua likawa la kuotesha upele. Mwishowe vijana wawili wakanivusha kwa kunishika mikono, maji yakifika magotini, na jembe nimelibeba kichwani mwenyewe. Sikumpa mtu.

Mbalizi mpaka Mlowo

Mbalizi basi dogo lililokuwa linaita "Tunduma, Tunduma" liliita kwa saa nzima bila kusogea gurudumu. Konda akasema limebakisha abiria wawili. Wakaja wawili, akasema wawili tena. Nikamwambia, mwanangu, wewe hesabu ulifundishwa na nani? Mwalimu akainamisha uso, nikakumbuka yeye ndiye aliyefundisha hesabu nusu ya wilaya.

Tukahamia kwenye Fuso la mahindi lililokuwa linaondoka kweli. Mimi nikawekwa mbele na dereva, Mwalimu akapanda juu ya magunia na redio yake. Mlima wa Senjele tuliupanda kwa mwendo wa kinyonga. Kila baada ya muda dereva alikuwa anapunguza mwendo zaidi, nikafikiri injini ina ugonjwa. Kumbe Mwalimu alikuwa anagonga paa la gari kila anapokuta mtu amesimama barabarani, dereva anadhani ni abiria wa kupakia. Hakuwa anapakia mtu! Alikuwa anawauliza wapita njia kama kuna habari za kikosi.

Mlowo tukasimama kula. Dereva alisema dakika kumi. Nikaagiza wali maharage, Mwalimu akaagiza ndizi na nyama, na nyama yenyewe ilikuwa bado inaishi. Ikachemka, ikachemka. Wali wangu nimemaliza, dereva anapiga honi, Mwalimu anasema hawezi kuacha chakula alichokilipia. Ikabidi mama ntilie amfungie kwenye mfuko wa nailoni, mchuzi na kila kitu. Ule mchuzi ulimwagikia jezi huko juu ya magunia. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo, nikidhani sasa ataivua. Hakuivua.

Mlowo mpaka Mpemba

Kabla ya kufika Mpemba Fuso likasimama. Mbele yetu malori mpaka upeo wa macho: ya mafuta, ya shaba, ya mbolea. Madereva wametandika mikeka chini ya matrela, wanapika chai.

"Hii foleni inatembea?" nikamuuliza dereva.

"Inatembea, mama. Jana tulikuwa pale kwenye ule mti."

"Jana? Kwani wewe hukuwa Mbalizi leo asubuhi?"

"Sisi madereva, mama. Siyo mimi."

Nikashuka. Nikamwambia Mwalimu, hapa tunatembea kwa miguu yetu. Akashuka bila ubishi. Baadaye nilielewa alikuwa anawahi mpira. Tukatembea kando ya lami, vumbi la malori na moshi vikituingia hadi kwenye meno, mpaka tukapata bodaboda ya mwisho mwisho iliyotuingiza Tunduma.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Saa nzima mkononi, na kwa Mzee Silavwe ni mwendo wa kutembea tu, unavuka mpaka, unapita soko, umefika. Nikanawa uso kwenye bomba la gesti, nikabadilisha gauni, nikafunga jembe kwenye kitenge kikavu nilichokuwa nimekificha. Nikasema Mungu ni mwema.

Tunduma

Sasa hapa ndipo pale mnapopapenda. Mwalimu akaniambia, Shemeji, usiwe na haraka. Nakonde wako nyuma yetu saa moja. Saa yetu ya kumi na moja kwao ni kumi. Wakisema tuje saa kumi na mbili, yaani saa moja yetu. Tuna saa mbili nzima.

Yeyote aliyeishi Tunduma anajua ukipewa saa unauliza swali moja: za huku au za kule? Hata mtoto anayetumwa chumvi anauliza. Nikamwuliza, "Ulimuuliza mama yake Bupe ni saa za huku au za kule?"

"Anakaa kule. Atataja za wapi?"

Nikamwambia apige simu ahakikishe. Akanitazama kama nimemwambia avue suruali. Mshenga hapigi simu kwa wakwe siku ya posa, mnajua wenyewe, unaingia kwa mguu, kimya, unabisha hodi. Hilo hata mimi nilikubali.

Basi tukaingia kwenye banda la video. Mara yangu ya kwanza na, Mungu akipenda, ya mwisho. Mabenchi ya mbao, joto, televisheni moja juu kabisa. Kushoto Watanzania, kulia Wazambia, na katikati, kwa sababu hapakuwa na nafasi kwingine, mimi na jembe langu mapajani. Pembeni yangu alikaa dereva wa lori wa Kizambia, mtu mzima, mpole, anakula karanga.

"Ba mayo, umebeba nini?" akaniuliza. Huko kwao mama ndiyo hivyo.

"Jembe. Ni posa."

Akaacha kutafuna. "Kwa Wazambia?"

"Kwa Mzee Silavwe wa mashine."

"Namfahamu! Mtu mzuri. Lakini anapenda muda, yule." Akanimiminia karanga kiganjani. "Leo tutawafunga, halafu tutawapa mke. Sawa?"

"Mtatupa mke, na bao tutawafunga sisi," nikamjibu. Upande wa kushoto wote ukacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikajisikia vizuri.

Kipindi cha kwanza hakuna kitu. Kipindi cha pili roho zikaanza kupanda. Sijui mpira, lakini mtoto wa mwenzio akiwa anakimbia hivyo, jasho linamtiririka, huwezi kuangalia pembeni. Saa ilikuwa ukutani, kubwa, ya plastiki. Ilipita saa kumi na mbili, ikaenda. Halafu tukafunga. Tukafunga! Sikumbuki nilisimamaje. Nakumbuka tu niko juu ya benchi, nimelishika jembe juu kwa mikono miwili kama kombe, napiga vigelegele, na Mwalimu ananikumbatia mbele za watu na jezi yake ya mchuzi. Yule dereva wa Kizambia akatikisa kichwa. "Mpira haujaisha, ba mayo."

"Umeisha!" Mwalimu akamwambia. "Nusu fainali! Nendeni mkalale!" Akawaimbia Wazambia, akacheza mbele yao, mzee mzima wa miaka sitini na kitu. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na huyu aliwatukana wakunga wote mpaka na wauguzi.

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Tukatoka mbio.

Kuvuka

Kwenye mpaka watu walikuwa wachache, kila mtu yuko kwenye televisheni. Nyuma yetu Tunduma ilikuwa inaimba. Tukapita kati ya malori yaliyozimwa. Mwalimu alikuwa anafanya mazoezi ya maneno ya kuingilia, "Tumekuja kutafuta mbegu," nami namrekebishia kola.

Tukiwa katikati kabisa, si huku si kule, Tunduma ikanyamaza. Ilikatika ghafla, kama mtu kazibwa mdomo. Tukasimama. Halafu mbele yetu Nakonde ikalipuka: makelele, masufuria, honi za malori, wanawake wanapiga vigelegele kama vyangu vya muda mfupi uliopita.

"Wamesawazisha," Mwalimu akasema.

"Mpira si umebaki?"

Redio yake aliifungua, mtangazaji alikuwa anaongea taratibu kama yuko matangani. Dakika za nyongeza. Mpira ukaisha palepale, sare ya bao moja kwa moja. Mwalimu Yotamu, aliyenichapa viboko mwenyewe darasa la tano, alisimama kwenye lami ya mpakani akafunga kile kifungo kimoja cha koti, machozi yanamtoka. Nilitaka kumhurumia. Sikuweza, miguu ilikuwa inauma.

Nakonde

Saa ya simu yangu ilisema saa moja kamili. Tulipobisha hodi, mama yake Bupe alifungua mlango, akaweka mkono mdomoni.

"Mwaiseni," akasema, yaani karibuni, lakini macho yake yalikuwa yanatuomba tusiingie. Kisha kwa Kiswahili: "Mwalimu, si nilikwambia saa kumi na mbili?"

"Ndiyo hii, mama. Kumi na mbili yenu."

"Yetu? Niliwapa yenu! Nilijua mnatoka Tanzania, nikawahesabia kabisa ili msihangaike." Akaketi kwenye kizingiti. "Nilikwambia kwa Kiswahili, Mwalimu, kwa heshima yenu."

Yeye kwa adabu alitupa saa zetu. Sisi kwa adabu tulichukua zake. Watu wa mbali wangegombana, wangeulizana, wangeelewana. Sisi majirani tuliheshimiana mpaka tukapoteza mke.

Mzee Silavwe alikuwa sebuleni na wazee wenzake, kavaa suti. Wametusubiri hadi nusu saa ilipopita. Watu wa Isoka walikuwa wameambiwa waje kwa zamu yao, wakaja kwa zamu yao. Jembe lao lilikuwa tayari ndani, limelazwa juu ya meza, kitenge kimefunguliwa. Kijana wao yupo nje anapiga honi ya gari kushangilia bao.

"Mama," Mzee Silavwe aliniambia, na sauti yake haikuwa na hasira, heri ingekuwa na hasira, "nilisogeza kiti chako mwenyewe. Kile pale. Nilikuwa natoka nje kuchungulia barabara. Ningewaambia nini wenzangu, wamekaa wanatazama mlango?"

Mwalimu akaanza kueleza, kwa Kinamwanga, kisha kwa Kibemba chake cha kuombea maji, kisha akaishiwa. Koti likafunguka. Wazee wote wakaiona jezi. Mmoja akainamisha kichwa ili asicheke, na hiyo heshima yake ndiyo iliyoniumiza kuliko kama angecheka.

Walitulisha. Mgeni hatoki kwa mtu na njaa. Nshima, ndiyo ugali wao, kapenta wa kukaanga, dagaa wa huko, majani ya maboga yenye karanga. Bupe ndiye aliyetunawisha mikono. Alipofika kwangu maji yalimwagika nje ya beseni, akanong'ona, "Ezekia anaumwa? Ndiyo maana mmechelewa?"

Nilimwambia hapana, mwanangu, haumwi.

"Basi nini?"

Nikamwambia barabara ilikuwa mbaya.

Nakonde mpaka Galula

Kurudi hakuna cha kusimulia. Foleni ilikuwa palepale, korongo lilikuwa limekauka, basi liliondoka kwa wakati. Unapokuwa huna haraka nchi nzima inakuwa na mwendo. Mwalimu hakufungua redio hata mara moja. Tulipofika Mbalizi aliniomba msamaha, nikamwambia asinisemeshe, na sikusema naye mpaka Galula.

Sasa niandike kile nilichokiruka, ambacho ndicho kimenifanya nishike kalamu.

Pale bandani, kipindi cha kwanza kilipoisha, saa ya ukutani ilikuwa bado haijafika saa kumi na mbili. Mwalimu aligeuka akaniambia: "Shemeji, moyo wangu una wasiwasi. Mama yule alikuwa anaongea Kiswahili. Labda alitaja saa za kwetu. Twende, mpira nitausikia redioni." Alikuwa ameshasimama, ameshafunga kifungo. Mwalimu Yotamu, kichaa wa mpira, alisimama aondoke.

Na mimi nikamvuta koti. Nikamwambia: "Kaa chini, Shemeji. Umesema wako nyuma saa moja, basi wako nyuma saa moja. Bao linakuja."

Karanga kiganjani, jembe mapajani. Safari nzima nimemsema yeye, na tangu turudi nimewaacha ninyi mumseme, watoto wa shule wamwimbie, naye hajafungua mdomo hata mara moja kunitaja. Nyani haoni kundule. Basi langu nimelionyesha, lioneni.

Ezekia nilimwambia juzi. Alikuwa anatengeneza cheni ya baiskeli pale uani. Nilimwambia yote, koti nililolivuta, kumi na mbili iliyopita nikiiona kwa macho yangu, na swali la Bupe na uongo niliomjibu. Hakuinua kichwa. Cheni ikarudi mahali pake, akazungusha pedeli, ikatoka tena. Nikasubiri anifukuze, anitukane, aseme mimi si mama yake, ambalo ni kweli.

Akapangusa mikono kwenye suruali.

"Shangazi," akasema, "hilo bao letu. Lilikuwa zuri?"

Sikuwa na uongo mwingine uliobaki. Nikamwambia ndiyo, baba. Lilikuwa zuri sana.